Mbadala wa Madamu Ghislaine

Hyattsville, Maryland
16 Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa, Mwalimu Anatoli,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, wewe na wifi Elieth na wote wanaolala chini ya paa lako, na goti lako liwe limepata nafuu. Wifi aliniambia kwamba siku hizi unakwenda misa kwa bodaboda na kwamba dereva unamtukana njia nzima kwa mwendo wake, ingawa ukifika unamwombea. Hapo nikajua hujambo. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Pascal anakusalimu sana. Mpwa wako Kokugonza naye anakusalimu, ila salamu zake ni za Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa chote lakini hakimtoki mdomoni. Baridi imeshaanza na miti imebaki mifupa. Mimi mwili hauna neno. Kinachonisumbua ni moyo, hautulii hata nikiwa nimekaa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Usishangae kuletewa karatasi katika zama hizi. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako, kaka, husikilizwa na nyumba nzima pamoja na majirani waliokuja kuomba chumvi. Khalfan wa ubalozini anakuja likizo na amekubali kuibeba barua hii mpaka Bukoba. Tafadhali isome kwanza peke yako. Baadaye utaamua mwenyewe nani aisikie na kipande gani.

Nimepata ujumbe wako. Mwita, ambaye tunasali naye huku na ambaye hajawahi kukaa na habari ikalala, alikupigia na kukuambia mambo mawili. La kwanza, kwamba dada yako anagombea ubunge wa Wafaransa. La pili, kwamba ili akipate kiti hicho amemsukuma mwanamke mgonjwa akatoka. La kwanza ulilitangaza baada ya misa ya pili, nimesikia. La pili umeniuliza mimi, kwa ile sauti yako ya mwalimu mkuu, kama ni kweli, na ukataka nijibu ndiyo au hapana. Lisemwalo lipo, kaka. Nilimsukuma. Lakini Mwita hajui nilimsukuma kwenda upande gani, wala mara ngapi, na nikikupa neno moja tu nitakuwa nimekudanganya. Kwa hiyo univumilie nianzie mbali kidogo.

Yule mama anaitwa Ghislaine Perrodin, nasi humwita Madamu Ghislaine. Alifika Rockville, mji jirani na wetu, miaka mingi iliyopita akimfuata mumewe mhandisi, akiwa na mtoto mmoja wa kiume na Kiingereza cha kuokoteza. Mume akafariki mapema. Watu wa kwao Lille wakamwambia arudi, yeye akabaki, kwa ukaidi tu nadhani, maana ukaidi ndio chakula chake. Kilichomwingiza kwenye siasa ni vikongwe. Mfaransa aliyestaafu akaishi nje ya nchi hutakiwa kuthibitisha mara kwa mara kwamba bado yu hai, la sivyo pensheni yake inasimamishwa. Cheka tu, mimi pia nilicheka. Ajuza anaingia ofisini kwa miguu yake miwili, anamwambia karani kwamba hajafa, na karani, ambaye hajawahi kuona hati ya namna hiyo, anamjibu kwamba mhuri wa kuthibitisha jambo hilo hana. Ghislaine alikuwa na gari dogo bovu. Akawa anawapakia wajane wa Kifaransa, anawazungusha ofisi hadi ofisi mpaka apatikane mtu wa kuwagongea mhuri kwamba wanapumua.

Wajane wale ndio waliompigia kura za kwanza, akaingia katika baraza la Wafaransa waishio nje. Kisha akautaka ubunge. Wenzetu hawa, kaka, wana wabunge wa raia walio ng'ambo, na mmoja wao huwakilisha Wafaransa wote wa Marekani na Kanada. Aligombea akashindwa. Akagombea tena akashindwa kwa kura chache, akajifungia ndani na kuwanunia hata wajane. Mara ya tatu akashinda. Hotuba yake ya kwanza kule Paris ilihusu zile hati za kuwa hai. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu na waliokuwepo walikuwa wakichezea simu. Akaacha hotuba aliyoiandaa, akaanza kusoma majina ya wazee waliosimamishiwa pensheni hali wangali hai, jina baada ya jina, kama mtu anayesoma nia za misa ya marehemu. Simu zikawekwa chini. Sheria haikupita mwaka ule, ilipita mwaka uliofuata, tena imekatwakatwa, lakini ilipita.

Usije ukadhani nakuchorea mtakatifu. Alikuwa akiwafokea wasaidizi wake mpaka wanalia, halafu anawanunulia keki. Aliipigia kura ya ndiyo sheria moja ya wageni ambayo, ingekuwepo enzi zangu, mimi nisingetia mguu Lyon kusoma. Tulinuniana kwa muda mrefu kwa ajili ya kura ile. Nilimwambia wazi kwamba amenipiga kofi, naye akaniambia kwamba chama kilimshika mkono, kisha akaongeza kwamba hata kisingemshika angepiga vilevile. Ndivyo alivyo. Na kazi yenyewe, kaka, ukubwa jalala. Alikuwa anapanda ndege kwenda Paris mwanzoni mwa wiki, anarudi mwishoni, na katikati anaitwa Montreal au Houston. Aliyefungiwa akaunti ya benki alimpigia yeye, na aliyefiwa asiyejua namna ya kusafirisha maiti alimpigia yeye pia. Nimemwona akila yai la kuchemsha amesimama jikoni kwake, simu begani, akimbembeleza mtu wa Alaska asiachane na mkewe.

Mimi nilikutana naye hapa Hyattsville, shuleni ninapofundisha Kifaransa. Alikuja kutoa zawadi kwa wanafunzi, akanukuu shairi vibaya mbele ya wazazi, nami nikamsahihisha palepale. Nilidhani nimeharibu. Baada ya sherehe akanifuata kuuliza mimi ni nani, nilijifunzia wapi, na kama nina uraia. Nikamwambia ninao, kwa njia ya ndoa. Wewe unakumbuka ulivyonuna nilipobadili pasi, ukasema kibanja cha migomba cha marehemu baba hakina nafasi ya mgeni. Sitaki turudi huko leo. Nataka ujue tu kwamba pasi ile uliyoinunia ndiyo iliyonifikisha hapa. Alipogombea mara ya tatu, chama kilimtaka aambatane na kijana mmoja wa Montreal mwenye tai nzuri. Akakataa, akanitaka mimi. Nilimuuliza kama anataka rangi yangu kwenye bango lake. Akasema ndiyo, kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ni kwamba katika watu wote anaowajua mimi ndiye pekee ninayemjibu.

Sasa shika vizuri sheria yao, maana habari yote imening'inia hapo. Kila anayegombea ubunge huweka jina la pili chini ya lake, mbadala wake. Mbunge akifa, au akiteuliwa kuwa waziri, mbadala anakalia kiti bila kura yoyote. Lakini mbunge akijiuzulu kwa hiari yake, mbadala hapati kitu. Watu wanapiga kura upya, na mbadala naye anakuwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe.

Kwenye misa yetu ya Kiswahili walinibatiza Mheshimiwa Spea. Serah, rafiki yangu Mkenya ambaye ni nesi, alikuwa akinipigia saluti nje ya kanisa, akisema hakuna haja ya kujisikia vibaya, "wewe ni spare, lakini spare ya gari ya maana." Siku moja akaniuliza, kwa utani wake, kama huwa naliombea lile gari safari njema, kwa sababu tairi la spea likitaka kuona barabara ni lazima lingoje pancha. Tulicheka sote. Nilikuwa mwepesi wa kucheka wakati huo.

Mwezi wa tatu mwaka huu Madamu Ghislaine aliniita nyumbani kwake Rockville. Alikuwa amevaa vizuri, nywele zimetengenezwa, maana nywele zake anazionea fahari. Akaniambia kwamba ana saratani ya kongosho, na kwamba anayejua ni mwanawe aliye Lille, madaktari, na sasa mimi. Akasema hakuniita nimlilie. Aliniita nimshauri: aendelee na kiti, au ajiuzulu akapumzike na wajukuu?

Kaka, nilimjibu kabla kahawa haijapoa. Nilimwambia asijiuzulu. Nilimwambia kwamba wazee wake watabaki yatima, kwamba muswada wake mwingine uko njiani na hakuna wa kuubeba, na kwamba mgonjwa akivua kazi yake huuvaa ugonjwa mzima. Maneno yale yote yalikuwa ya kweli, na ningeweza kuyarudia mbele ya padri. Akanitazama kwa muda, akasema haya, ataendelea. Nilipotoka niliingia barabara ya Rockville Pike, nikaipita njia yangu ya kurudi nyumbani, nikaenda mbele, nikageuza, nikaipita tena. Sikujua naendesha kwenda wapi. Nilijiambia kwamba nina majonzi.

Toka siku ile sikupata utulivu. Yeye aliendelea kupanda ndege, kila mara amekonda zaidi, amejifunga skafu na kupaka wanja, na wabunge wenzake wakamsifia kwamba amepungua vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka uwanja wa ndege. Kila nilipomshusha nilimwambia avumilie. Nikirudi nyumbani nasugua jiko lililokwisha suguliwa. Nikisahihisha madaftari ya wanafunzi nakuta nimeweka vema kwenye makosa. Siri ilinishinda nikamwambia Pascal, akasema yule ni mtu mzima na uamuzi ni wake, nami nilimwonea wivu kwa jinsi anavyoweza kusema jambo la namna hiyo halafu akalala usingizi. Kokugonza, aliyetusikia, alitafuta sheria yenyewe mtandaoni, akaisoma mezani, akaniuliza, "So if she quits, you get nothing?" Yaani akijiuzulu, mimi sipati kitu? Halafu akaendelea kunitazama. Nilimwambia akaoshe vyombo.

Nilikwenda kwa Serah pia. Sikutaja jina. Nilimuuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mgonjwa wa namna ile huchukua muda gani. Serah ni mcheshi lakini si mjinga. Aliacha kukunja nguo, akaniuliza nauliza kama rafiki wa mgonjwa "ama kama spare." Nikamkasirikia, nikachukua pochi yangu, nikatoka. Hatukusalimiana kwa Jumapili kadhaa, na nadhani Mwita aliokota mwanzo wa habari yake katika kimya kile.

Mwezi wa kumi Madamu alianguka kwenye ukumbi mmoja huko Paris. Alisema ni kiatu. Aliporudi nilimpikia supu ya ndizi, ile ya mama, nikampelekea. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni, skafu haipo, na zile nywele zake zimekuwa unyoya. Alikula vijiko viwili kwa heshima yangu. Tuliongea mambo madogomadogo, na nilipoinuka kuondoka, kwa mazoea tu, kama ninavyomuaga mgonjwa yeyote, nilimwambia ugua pole.

Ujue kwamba yule mama anapenda maneno. Kwa miaka yote niliyomfahamu alikuwa akinidai neno la Kiswahili kila tunapoonana, na akilipata analing'ang'ania mpaka alijue maana. Akanishika mkono, akauliza hilo ni nini. Nami, ugonjwa wa ualimu, badala ya kumwambia kwamba ni salamu ya kumtakia mgonjwa nafuu, nikamfafanulia neno kwa neno. Nikasema kuugua ni kuwa mgonjwa, na pole ni taratibu, bila haraka. Nilipokuwa nalitamka hilo la mwisho nikasikia nilichokisema.

Alicheka hadi akakohoa. Alisema kwao mgonjwa hutakiwa kupona haraka, kumbe kwetu hutakiwa kuugua polepole. Kisha akaacha kucheka, na bila uchungu wowote, kama mtu anayepanga safari, akaniambia kwamba kwa upande wangu mimi polepole haisaidii sana. Mimi ninachohitaji ni augue kwa kasi ya kadiri, afie kitini. Asichoke mapema akajiuzulu.

Nilikaa chini, kaka. Akaendelea. Alisema mwezi wa tatu, siku aliyoniita, alikuwa amekwisha amua kujiuzulu. Mwanawe alikuwa ameshapaka rangi chumba kule Lille, na wajukuu walikuwa wamebandika michoro yao ukutani. Alikuwa ananiuliza ushauri kwa adabu tu. Lakini nilipomwambia asijiuzulu aliuona uso wangu, na yeye ameishi kwenye siasa, anaujua uso wa mtu anayetaka kiti. Akaona kwamba bado kuna jambo moja anaweza kulifanya na mwili huu. Anishikie kiti mpaka mwisho, nikikalie bila kumbembeleza mtu wa chama wala kijana wa Montreal. Ndiyo maana anapanda ndege. Zile safari zote nilizompeleka uwanjani na kumwambia avumilie, alikuwa anazivumilia kwa ajili yangu. Na michoro ya wajukuu imebaki ukutani, haina wa kuitazama.

Hapa ndipo nilipofanya lile ambalo Mwita hajalisikia. Nilimwangalia machoni nikamwambia kwamba amesoma uso wangu vibaya. Nikamwambia kiti sikitaki na sijawahi kukitaka, kwamba nilikubali jina langu liwekwe kwa urafiki tu, na kwamba hata akifia pale pale ukumbini sitakikalia. Siku hiyo hiyo nitaandika kukikataa na kura zitapigwa kama kawaida. Nikamwambia anajiua bure. Nililisema kwa ukali ili lisitiliwe shaka, na sauti yangu ilikuwa imara kuliko ilivyokuwa mwezi wa tatu. Uso wake ulisinyaa. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba basi hakunielewa. Akaniomba nimsogezee blanketi.

Alijiuzulu wiki ile ile. Magazeti yao yaliandika mazuri, na wajane wake walio hai walikuja kumuaga, mmoja amebebwa kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nililia kwa furaha, kaka, nakuapia. Kwa siku chache nilikuwa mtu mwema, na nilikaa kwenye kochi langu bila kuinuka inuka.

Kisha chama kikapiga simu. Walisema wamepima, yule kijana wa Montreal hapendwi na wazee, jina langu lilikuwa kwenye bango la ushindi, je, niko tayari kugombea mwezi wa kwanza? Kaka, mficha uchi hazai, basi naufichua. Nilisema ndiyo kabla yule bwana hajamaliza sentensi yake. Sikumuuliza Pascal, sikusema nitafikiri, sikuomba hata muda wa kusali. Ile "ndiyo" ilikuwa imekaa mdomoni mwangu tangu mwezi wa tatu. Nakitaka kile kiti. Nilikitaka tangu siku ile ya kahawa, nilikitaka nikimpeleka uwanjani, na nilipomwambia Madamu kwamba sikitaki nilikuwa nimekwisha tazama picha za ukumbi wao nikajua atakapokaa mwakilishi wetu, safu ipi, na mlango gani uko karibu. Nilikuwa nimejaribu koti la kuvalia mbele ya kioo, Madamu angali anapumua, halafu nikalirudisha kabatini kama mwizi.

Sikutaka alisikie jambo hili kwa redio. Nilikwenda Rockville nikamkuta kati ya maboksi, mwanawe amekuja kumchukua. Nikamwambia wazi kwamba nagombea, na kwamba nilimdanganya. Nilidhani atanifokea, na ningeshukuru. Alikaa juu ya boksi lililofungwa, akaniuliza swali moja: kwa nini sikumwacha anishikie? Akasema alikuwa hana tena cha kumpa mtu, wala pesa, wala nguvu, wala hata mapishi. Alikuwa na kile kiti tu, na alikuwa anakibeba kwa furaha, na mimi nikamwambia kwamba anachokibeba ni upuuzi. Nikasema nilitaka afe kwa amani na wajukuu. Akasema kufa kwake ni kazi yake mwenyewe, sikuombwa kuipanga. Kisha akasema amechoka, anataka kulala, na akaniomba nisitumie jina lake kwenye kampeni. Mwanawe alinifungulia mlango. Wameondoka. Nimempigia Lille, simu inapokelewa na mwanawe, naye hunijibu kwa adabu kwamba mama amelala.

Basi kaka, jibu la swali lako ndilo hilo. Nilimsukuma mara mbili. Mara ya kwanza nilimsukuma abaki, kwa maneno ya kweli matupu, na nilifanya hivyo kwa ajili yangu. Mara ya pili nilimsukuma atoke, kwa uongo, na uongo ule ndio kitu pekee katika habari hii nilichokifanya kwa ajili yake, na ndicho ambacho hajanisamehe. Mwita akiuliza tena, mwambie ni kweli. Usijichoshe kumpa sababu, hatazibeba zote, atamwaga njiani.

Serah tumepatana. Alikuja mwenyewe na mandazi, akasema yeye ni mdomo tu. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza hadi mwisho, akasema nitakuwa mbunge mzuri au mbaya sana, "hapo katikati hutatoshea." Sijui kama alinisifu. Yule kijana wa Montreal naye ameamua kugombea mwenyewe bila chama, na wapo wanaosema atanishinda kwa sababu watu hawajui ni kwa nini Madamu Ghislaine hasemi neno lolote la kuniunga mkono. Mimi najua na siwezi kusema. Kila jioni nazunguka chumba hiki nikijifunza hotuba, na kila nikifika mahali pa kumtaja, inanibidi nipite kando.

Nina maombi mawili, kaka. Pale parokiani acha kwanza kuniita Mheshimiwa. Kura hazijapigwa, na hata zikipigwa, wale si watu wa kuniulizia daraja la mto wetu wala bati za shule. Waambie wazee wasinisubiri na orodha. Ombi la pili ni kubwa zaidi. Tafadhali peleka nia mbili kwa padri. Ya kwanza iwe ya Ghislaine Perrodin, mgonjwa, aliye Lille. Ya pili iwe ya kura ya mwezi wa kwanza. Nakuomba wewe uzipeleke, tena uzipeleke kwa mpangilio huo huo. Mimi nimejaribu kuziombea mwenyewe, na kila nikipiga magoti ile ya pili inatangulia.

Msalimie wifi Elieth, umwambie dawa ya goti niliyoahidi iko kwenye mfuko wa Khalfan, imefungwa ndani ya soksi za kijivu, na soksi ni zako pia. Wasalimie watoto wote na kila atakayeniulizia kwa wema. Pascal na Kokugonza wanakuaga. Mungu akulinde, kaka, na ukiwa umenikasirikia niandikie hivyo hivyo, mwandiko wako ninaujua hata ukiwa na hasira.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Leokadia